Muulize Fundi: Leseni Zimetapakaa Matawini, Nizikusanye Vipi?

Mwezi huu barua karibu zote ni za jambo moja, leseni za programu kwa kampuni na shule zenye matawi, sijui ni hesabu za mwisho wa mwaka ama wakaguzi ndio wameamka, basi nimeona bora tuzijibu kwa pamoja. Nyie wa simu zilizoanguka majini pale Mama Ngina ngojeni toleo lijalo, na kwa sasa msizitie kwenye mchele.

SWALI
Asalaam aleikum Fundi. Mimi ni mtu wa aiti, niko peke yangu, kampuni yetu ni ya klearing (kutoa mizigo bandarini), hedi ofisi iko Moi Avenue na matawi yako Changamwe, Miritini, Mtwapa, Malindi na Voi. Kompyuta zote kama 90 hivi. Miaka yote kila tawi limekuwa likijinunulia lenyewe, meneja akitaka programu anamtuma kijana dukani anarudi na risiti, ama anarudi bila risiti. Sasa bosi kaletewa barua na kampuni moja ya programu kuwa wataka kukagua leseni zetu, akaniuliza swali moja tu, tunazo ngapi na ziko wapi, nikabaki namuangalia. Anataka kila kitu kikae hedi ofisi. Kuna jamaa ananiuzia sistimu ya kusimamia leseni, bei yake ukiisikia wakaa chini. Niinunue? Na nikiweka seva moja hapa mjini matawi yote yachukue leseni hapo, si ndio nimemaliza?
(Aiti wa peke yake, Moi Avenue)

JIBU
Waaleikum salaam kaka. Hiyo barua kwanza. Usiiogope na pia usiijibu leo jioni ukiwa bado una joto. Tafuta mkataba mliokubali na hiyo kampuni, usome kipengele cha ukaguzi kama kipo, waruhusiwa kuangalia nini, wawape notisi ya muda gani na nani anagharamia. Jibu litoke kwa bosi ama kwa wakili, kwa maandishi na kwa adabu, kwamba barua imefika na mnakusanya rekodi. Na tafadhali usianze kuzunguka matawini usiku kufuta programu, manake kompyuta huweka kumbukumbu ya kilichoinstoliwa na kilichoondolewa, na mkaguzi akikuta vitu vimefutwa wiki ileile barua imefika mtaonekana mna la kuficha hata kama hamna.

Tuje kwa leseni zenyewe. Ukisema kila kitu kikae hedi ofisi unazungumzia mambo matatu na watu huyachanganya. Kuna karatasi, yaani nani kanunua na ushahidi uko wapi. Kuna hesabu, yaani nini kiko kwenye mashine gani. Halafu kuna ruhusa yenyewe, pale programu inapofunguka asubuhi ikauliza niendelee ama nisiendelee. Karatasi na hesabu zilete Moi Avenue hata leo. Kwenye ruhusa mimi nakuwa mgumu kidogo, manake ikiwa Voi hawawezi kutoa hati ya mzigo kwa sababu ruta ya Moi Avenue imezima, hapo hujasimamia leseni, umetengeneza sehemu moja ya kukwamisha matawi matano kwa mpigo.

Na haya si mambo ya kufikirika. Tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zote zinashuka hapahapa Mombasa, zilikatika huko chini upande wa Afrika Kusini na intaneti ikawa ya kusukuma kwa mkono Afrika Mashariki nzima. Kwa hivyo kila leseni unayotaka kununua, kabla hujauliza bei muulize muuzaji, laini ikikatika programu itaendelea kwa muda gani? Majibu yatakushangaza. Microsoft 365 inataka kuongea na kwao angalau mara moja kwa siku 30, ikizidi hapo unaweza kusoma faili lakini huwezi kuhariri. Windows ya leseni za jumla (zinazonunuliwa nyingi kwa mpigo) iliyoaktivetiwa, yaani iliyothibitishwa, na seva yenu wenyewe inakaa siku 180. Leseni za netiwaki za programu za uchoraji na uhandisi, nyingi zake zavumilia dakika tu (hizo nimezijibu hapo chini kwa dada wa Tudor). Zile za siku nyingi zisikukoseshe usingizi hata tawi likikaa wiki bila laini, akili yako yote ipeleke kwa zile za dakika.

Karatasi ndiyo kazi ya kuchosha na ndiyo yenye pesa. Kusanya invoisi, risiti, barua pepe za manunuzi, stika za nyuma ya kompyuta uzipige picha. Angalia jina lililoandikwa kwenye invoisi ni la kampuni ama ni la meneja wa tawi. Halafu angalia ile akaunti iliyosajiliwa nayo, hapa ndipo watu hulia, utakuta Office ya tawi fulani imesajiliwa kwa Gmail ya kijana aliyeacha kazi na saa hii yuko Qatar, na paswadi yuko nayo yeye. Fungua anwani moja ya kampuni ya mambo ya leseni tu, isiwe ya mtu, wasome watu wawili, na kuanzia sasa hakuna programu inayosajiliwa kwa anwani nyingine yoyote, meneja apende asipende.

Hesabu usiifanye kwa kuzunguka na daftari. Kwa kompyuta 90 huhitaji hiyo sistimu ya kukukalisha chini, mwambie huyo jamaa asante. Chukua GLPI ama OCS Inventory, programu za kuorodhesha kompyuta, zote ni za bure, waiweka kwenye seva hapo mjini na kila kompyuta unaitia ajenti mdogo anayetuma orodha ya programu zilizomo. Tawi likiwa halina laini leo atatuma ikirudi, hakuna anayesimama kazi. GLPI ina sehemu ya leseni pia, unaandika umenunua 40, yenyewe inakuonyesha zimeinstoliwa 57, na bosi akikuuliza tena una la kumjibu.

Nikutayarishe na utakayoyakuta. TeamViewer ya bure (ile ya kuingia kompyuta ya mtu kwa mbali) kila mahali, na ile ni bure kwa matumizi ya nyumbani, si ya ofisi. WinRAR, ya kubana mafaili, ambayo majaribio yake ni siku 40 na nyie mko nayo tangu enzi. Java ya Oracle, ambayo programu nyingine huitegemea ili zifanye kazi, ndiyo ya kuangalia kwa jicho kali, tangu 2019 apdeti zake kwa biashara si za bure kama zamani, na tangu Januari 2023 usajili wao unahesabiwa kwa wafanyakazi wote wa kampuni, hata asiyegusa kompyuta, yaani na dereva wa lori yumo. Kama programu yenu inakubali Java za bure kama OpenJDK hamia huko haraka. Na kompyuta za ex-UK (mitumba ya Uingereza) angalia kila moja ni Windows gani, manake leseni ya jumla ya Windows ni ya kupandisha tu, inataka mashine iwe na Windows toleo la Pro halali chini yake, ukiikalisha juu ya toleo la nyumbani la Home ama juu ya mashine isiyokuwa na chochote karatasi yako haina maana. Halafu Windows 10 yenyewe Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hivyo mashine utakazozikuta nazo ziandike pembeni, usizinunulie kitu kipya bila kujua kama zitakubali 11.

Kuna kingine hukukitaja ila nakisia kipo, programu ya hesabu. Kampuni nyingi za klearing huiweka kwenye seva moja na matawi yanaingia kwa rimoti. Ni njia nzuri, hata mimi naipenda, laini ikiwa nyembamba yavumilia. Lakini Windows Server inakupa nafasi mbili tu za rimoti za kazi za adimini, wengine wote wanataka leseni ya kuingia kwa rimoti juu ya ile ya kawaida ya kutumia seva. Ukiwasha hiyo huduma inakupa siku 120 za bure kisha inafunga mlango, na kwa kawaida itafunga siku ya mishahara. Leseni hizo zauzwa kwa mtu ama kwa kifaa. Changamwe ambako kompyuta moja inakaliwa na watu wa shifti tatu nunua ya kifaa, na yule supavaiza anayeruka kutoka Miritini hadi Malindi na lapitopu na simu mnunulie ya mtu.

Kuhusu seva moja ya ruhusa, unayo nusu ya jibu tayari. Zinazovumilia siku nyingi zitoke mjini. Zisizovumilia, ama ziwe za tawi lenyewe ama zifanyiwe kazi kwa rimoti ndani ya seva ili programu na leseni yake wawe jengo moja.

SWALI
Fundi habari za kazi. Sisi ni ofisi ya wachoraji wa majengo, tuko Tudor na tuna ofisi Diani na Malindi. Leseni zetu ni za netiwaki, ziko 8, wachoraji ni 13, seva iko Tudor inaendesha lmgrd (programu inayogawa leseni). Kila siku ni kesi, Malindi wanapata, Diani wanaambiwa zimekwisha, na nikihesabu watu walioko kazini kweli hawafiki watano! Laini ikiyumba nayo programu inatoa onyo mara inajifunga. Rafiki yangu kasema hizi leseni zinakubali seva tatu kwa pamoja, basi nataka niweke moja kila ofisi. Ni sawa?
(Dada wa michoro, Tudor)

JIBU
Si sawa dada, na ntakwambia kwa nini, lakini kwanza hao wanaozimaliza.

Leseni ya netiwaki ni kama sufuria kubwa za shughuli za mtaa, ziko nyumba moja, mwenye harusi anazichukua na akimaliza anarudisha, na kasheshe haianzi kwa uchache wa sufuria bali kwa yule aliyepika pilau wiki iliyopita na bado ziko uani kwake. Sasa fungua seva uandike lmutil lmstat -a, utaona kila leseni iko kwa nani, kompyuta gani, na imechukuliwa tangu lini. Nina hakika kama jina langu utakuta mstari wa mtu aliyefungua Ijumaa saa tano na robo tatu asubuhi, akaenda kuswali, akala, akaenda saiti, na Jumatatu programu yake bado iko wazi kwenye kompyuta isiyokuwa na mtu. Huyo kashika sufuria.

Dawa yake ni faili ya opsheni inayokaa upande wa seva. Unaandika humo TIMEOUTALL na sekunde, mfano 3600, basi programu ikikaa saa nzima bila kuguswa leseni inarudi kwenye fungu. Mwenye programu huweka kiwango cha chini ambacho huwezi kushuka, kwa hivyo usishangae ukiandika dakika tano ikafuata kiwango chake. Faili hiyohiyo yaweza kutengea Diani leseni mbili kwa RESERVE, ila mimi sikushauri, zilizotengwa zinakaa bure siku Diani wakiwa hawana kazi. Bora MAX, unawawekea Malindi ukomo wasizikombe zote asubuhi.

Seva tatu sasa. Ule mpango upo kweli, lakini masharti yake ni kwamba mbili kati ya tatu lazima ziwe hai na zionane, na umetengenezwa kwa mashine tatu zilizo karibu kwenye netiwaki moja iliyo imara, ili moja ikiungua nyingine ziendelee. Unakukinga na mashine kufa, haukukingi na laini kukatika. Ukizitawanya Tudor, Diani na Malindi, siku laini mbili zikiyumba pamoja hakuna seva inayoona mwenzake na ofisi zote tatu zinakosa leseni, hata Tudor ambao seva iko mezani kwao. Utakuwa umelipa pesa zaidi ili ukwame zaidi.

La kufanya, mwombe muuzaji akugawie faili mbili, tuseme leseni 5 kwenye seva ya Tudor na 3 kwenye seva ndogo ya Diani, kila moja inajitegemea. Kwenye kompyuta za wachoraji unaandika seva zote mbili, ya karibu ikitangulia, kwa Windows zinatenganishwa kwa nukta mkato, programu ikikosa ya kwanza inajaribu ya pili. Laini ikifa Diani wana tatu zao na nyie mna tano zenu, na kazi inaenda. Malindi wao wachukue Tudor.

Kwenye fayawolo watu hukwama sana. Wanafungua poti ya lmgrd, kawaida ni 27000, halafu wanashangaa mbona matawi hayapati, kumbe kuna dimoni (programu ya chinichini) ya pili ya mwenye programu na hiyo inachagua poti yoyote kila seva ikiwashwa. Nenda kwenye faili ya leseni, ule mstari wa VENDOR, mwisho wake ongeza port= na namba yako kisha ufungue hiyo pia, ndani ya VPN (njia yenu ya siri kati ya ofisi), si kwa intaneti yote. Na wakati faili inatengenezwa usiwape anwani ya kadi ya waifai ama ya adapta ya USB, manake leseni imefungwa kwa namba ya hiyo kadi, siku mtu akiichomoa kuchaji simu yake ofisi zote zinasimama.

Mchoraji akitumwa saiti Lamu wiki nzima bila laini mkopeshe leseni, programu nyingi za aina hii zaruhusu, inakaa kwenye lapitopu yake kwa siku mlizoweka. Ila ujue siku hizo haipo kwenye fungu, na lapitopu ikizama na mashua mtangoja mpaka muda wake uishe.

Moja la mwisho. Kabla hujatumia pesa nyingi kupanga haya uliza mwenye programu kama leseni za netiwaki bado anaziuza. Autodesk kwa mfano waliacha kuuza leseni za kudumu mwaka 2016, na kuanzia 2020 wakaanza kuhamisha watu kutoka leseni za netiwaki kwenda za mtu kwa jina, ukirudisha moja ya netiwaki wakikupa mbili za majina. Kwa wachoraji 13 wanaopokezana hiyo hesabu ifanye kwa makini, si kila ofisi inayotoka na faida hapo.

SWALI
Fundi, shule yetu ina kampasi tatu, Kisauni, Bamburi na Mikindani, kompyuta 46 jumla. Tumepewa leseni za jumla tukaweka Kisauni seva ya KMS (ile ya Microsoft ya kuaktiveti kompyuta zetu wenyewe). Windows hazitaki kuaktiveti, zasema 0xC004F038, na Mikindani zasema 0xC004F074. Kompyuta ziko, seva iko, leseni tumelipa. Nini tena?
(Mwalimu wa lab, Kisauni)

JIBU
Mwalimu, hizo ni shida mbili tofauti. Inayoishia 038 yasema seva haijaona kompyuta za kutosha. KMS haitoi kitu kwa Windows za kawaida mpaka ihesabu 25, kwa Office na kwa Windows Server ni 5. Wewe una 46 kwa hivyo ungepita, lakini nenda kwa seva uandike slmgr /dlv uone imehesabu ngapi, nakisia utakuta namba ndogo ya ajabu. Sababu yake, fundi aliyewatengenezea lab aliinstoli kompyuta moja vizuri kisha akaikloni kwa zingine zote, na hakuisafisha kwa sysprep kabla. Zote zina kitambulisho kimoja cha KMS, seva inaziona ni kompyuta moja inayopiga hodi mara 30. Andika slmgr /dlv kwenye kompyuta mbili za lab ulinganishe ule mstari wa Client Machine ID, vikifanana ndio mchezo huo. Kwa kila iliyokloniwa slmgr /rearm, uiwashe upya, kisha slmgr /ato. Hiyo rearm ina idadi ya mara usiichezee.

Ile ya Mikindani inayoishia 074 maana yake haijaipata seva kabisa. Kompyuta hutafuta KMS kwa kuuliza DNS ya shule (kitabu cha majina ya netiwaki), na ruta ya Mikindani bila shaka imewekewa DNS ya nje ambayo haijui kama kuna shule yenu duniani. Rekebisha DNS ipite VPN, ama kwa mkono slmgr /skms ukifuatiwa na jina la seva na :1688, ambayo ndiyo poti yake. Usiifungue poti hiyo kwa intaneti ya nje. Zikishaungana kompyuta za kampasi zote tatu zahesabiwa pamoja, haijalishi ziko wapi.

Sasa likizo. Kompyuta ikishaaktiveti ina siku 180 na kila siku 7 yajaribu kureniu, kwa hivyo likizo ndefu ya Novemba na Disemba haiiui. Lakini seva huisahau kompyuta ambayo haijaongea nayo kwa siku 30, basi Januari mkifungua mwaweza kukuta hesabu imeshuka chini ya 25 na mashine za kwanza kuwashwa zikakataliwa. Msianze kuita mafundi, washeni lab zote tatu siku moja, hesabu itapanda yenyewe. Na kama mna domeini (seva ya Windows inayosimamia kompyuta zote), ulizeni kuhusu kuaktiveti kwa Active Directory, hiyo haina habari ya 25.

SWALI
Nina maduka manne ya dawa, Kongowea mpaka Likoni. Kijana kaniwekea Windows na Office zote kwa kraki (programu ya kukwepa leseni), mwaka wa pili huu zafanya kazi. Shida iko wapi hasa?
(Mama wa duka la dawa)

JIBU
Mama, shida iko kwamba kijana ili aiweke hiyo kraki alikuambia uzime antivairasi, ama aliizima yeye bila kukuambia. Kraki yenyewe kwa kawaida inajifanya seva ya KMS ndani ya kompyuta yako, inajiwasha kila mara kwa nguvu za adimini, na hakuna anayejua imekuja na nini kingine tumboni. Kwenye hizo kompyuta kuna majina ya wagonjwa na dawa wanazotumia, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhesabu wewe ndiye mwenye jukumu la kuzilinda, si kijana. Programu za kompyuta nazo zalindwa na sheria ya hakimiliki ya Kenya na KECOBO, bodi ya hakimiliki, ndio wanaoisimamia. Maduka manne ni kompyuta chache. Kama kazi ni kuandika stoki na barua, LibreOffice ni ya bure na halali, kwa hivyo utalipia Windows pekee. Ila kompyuta zifutwe zote zianzwe upya, kuondoa kraki peke yake hakutoshi, na bakapu ya stoki ichukuliwe kwanza.

SWALI
Fundi, tumelipia antivairasi ya kompyuta 50 kwa ofisi zetu za Mtwapa na Kilifi, konsoli (ukurasa wa kuisimamia) yasema zimeisha na sisi tuna kompyuta 41. Muuzaji ataka tuongeze 10.

JIBU
Usiongeze hata moja kwanza. Fungua konsoli upange kompyuta kwa tarehe ya mara ya mwisho kuonekana, utakuta mashine zilizouzwa, zilizoibiwa, na zile zilizofomatiwa zikarudi kwa jina jipya, kila moja bado imekalia nafasi. Zifute, kisha weka mpangilio wa kuondoa zenyewe zisizoonekana kwa siku 60, karibu konsoli zote zina hicho kitu.

SWALI
Kompyuta moja tu Likoni, zingine zote sawa, haitaki kuaktiveti, yasema 0xC004F06C.

JIBU
Angalia saa yake. KMS haikubali tofauti ya zaidi ya saa nne kati ya kompyuta na seva. Kama kila ikizimwa inarudi tarehe ya miaka ya nyuma betri ya mazabodi imekufa, ni CR2032, badilisha, weka saa sawa na uhakikishe taimu zoni ni ya Nairobi, kisha slmgr /ato.